Ng'ombe mmoja ananimaliza, na mume wangu anataka kuleta wa pili

BARUA

Washauri wetu, shikamooni.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi milimani huku Lushoto. Shamba letu ni ekari moja na nusu: mahindi na maharage kwenye matuta, migomba kuzunguka nyumba, kipande cha mboga, na ng'ombe mmoja wa maziwa, chotara wa Friesian, tunayemfugia bandani. Mume wangu ni fundi mwashi. Huondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa usiku. Mama mkwe anaishi nasi.

Nakamua saa 11 alfajiri, napata lita 5, na jioni lita 3. Ya jioni hulala kwenye dumu, asubuhi tunayachanganya na ya asubuhi, binti yangu wa miaka 12 anayapeleka kituoni akielekea shule. Majani nayafuata bondeni, dakika 40 kwenda na zaidi kurudi kwa sababu ni kupanda. Naleta mizigo miwili, na mwanangu wa miaka 9 analeta mzigo mdogo kabla ya shule. Mwalimu amekwisha kuniita mara mbili kwa kuchelewa kwake. Maji ya ng'ombe ni ndoo mbili kwa siku, yote ya kichwani. Banda ni udongo, na masika haya limekuwa tope tupu. Ndama jike alizaliwa mwanzoni mwa Februari, tunamwachia chuchu moja anyonye.

Maziwa yote lita 8 yanauzwa kwa shilingi 900 kila lita, na pesa anapokea mume. Watoto wangu wanakunywa chai ya rangi. Chakula cha dukani kwa ng'ombe ni kama 50,000 kwa mwezi, madini na dawa ya kupe 12,000. Wiki iliyopita kituo kilikataa maziwa mara mbili, mume akasema ni uchafu wangu. Kuku wetu 17 walikufa wote ndani ya wiki moja mwezi Julai. Badala ya kusimama tukajiuliza, mume kila akirudi ana kitu kipya mkononi: kwanza sungura wanne, halafu bata. Sasa anataka mkopo wa kikoba wa milioni 1.8, alipe 165,000 kwa miezi 12, anunue mtamba, ng'ombe ambaye hajawahi kuzaa, mwenye mimba ya miezi mitano. Anasema ng'ombe ni wake maana alimnunua kwa pesa ya ujenzi. Mama mkwe anasema mke aliyeshindwa na ng'ombe mmoja atashindwa na nyumba.

Sitaki mseme nayachukia maisha haya. Jioni watoto wakimlisha ndama majani mkononi na mdogo akicheka anapolambwa, najua mjini nisingeyapata. Mboga hatununui, ndizi hatununui. Lakini mgongo unauma, na mama yangu mzazi, yuko Handeni, sijamwona miaka miwili kwa sababu hakuna wa kunikamulia. Kuna mnunuzi amepita akataka kumnunua ng'ombe. Nimefikiria kumuuza mume akiwa kazini. Nishaurini.

Mama wa Watatu

MAJIBU

Mama wa Watatu, marahaba, na pole sana kwa mgongo.

Usimuuze kwa siri. Ukimuuza mume hayupo, mazungumzo yote yatakayofuata ndani ya nyumba hiyo yatakuwa juu ya siri yako, na mzigo wako hautazungumzwa tena kamwe. Lakini wa pili naye asiingie, si mwaka huu. Ng'ombe mnaye na nyumba mnayo. Zinazokosekana ni saa za kazi na majani ya karibu, na ng'ombe wa pili hataleta hata kimoja katika hivyo viwili.

Tuanze na saa, kwa sababu inaelekea hakuna aliyewahi kuzihesabu. Mzigo mmoja wa majani kutoka bondeni, kwenda, kukata, kufunga na kupanda nao, hauwezi kuwa chini ya saa 1 na dakika 50. Mizigo miwili ni karibu saa 4. Kukamua mara mbili pamoja na kuosha vyombo, saa 1 na nusu. Kutoa samadi, kukatakata majani, kulisha ndama, saa 1 nyingine. Ongeza maji. Hapo umepita saa 7 na bado hujapika wala kufua, na shamba linakungoja. Chukua daftari, kwa siku saba tu andika kila kazi ya ng'ombe, imeanza saa ngapi, imeisha saa ngapi, nani kaifanya. Usiandike malalamiko, andika saa. Hilo daftari utalihitaji Jumapili.

Upande wa pili wa daftari uandike pesa. Lita 8 kwa shilingi 900 kwa siku 30 ni 216,000. Toa 62,000 za chakula, madini na dawa, kisha tenga 15,000 kila mwezi kwa ajili ya daktari wa mifugo na uhimilishaji, yaani kumpandikizia ng'ombe mbegu bila dume. Inabaki 139,000, na hapo hakuna mtoto aliyekunywa hata kikombe. Sasa mweke ng'ombe wa pili kwenye hesabu hiyo hiyo. Hata akikamuliwa vizuri kama huyu na msinywe tone, faida yake kwa mwezi ni 139,000, na rejesho ni 165,000. Kila mwezi mtaongeza 26,000 kutoka mfukoni. Na huo ni mwezi mzuri. Mtamba mwenye mimba ya miezi mitano atazaa baada ya miezi minne, lakini rejesho linaanza mwezi ujao. Mtakuwa mmelipa 660,000 kabla ya lita ya kwanza, naye anakula tangu siku anayoingia. Mzigo wa tatu na wa nne wa majani nao una mtu wa kuubeba, na mtu huyo tunamjua.

Mume wako si mtu mbaya kwa kutaka maziwa zaidi. Mwambie ng'ombe wa pili mnaye tayari, ni yule ndama jike. Akitunzwa vizuri hufikia kupandishwa akiwa na miezi 15 hadi 18, na kuzaa baada ya miezi 9 mingine. Huyo hana rejesho, amezoea banda lenu, na akifika umri wa kuzaa majani yatakuwa yamekwisha kuota. Kwa umri wake wa miezi miwili, chuchu moja inamtosha, mradi apate pia majani laini yaliyonyauka kidogo, maji safi, na konzi mbili tatu za chakula cha ziada. Akiwa anamaliza kilo 1 ya chakula hicho kwa siku bila kubakiza, kwenye miezi mitatu hadi minne, mwachisheni, na chuchu hiyo inarudi kwenye ndoo.

Sasa majani, ambayo ndiyo yanayokuvunja mgongo. Ng'ombe wa ukubwa huo anahitaji kilo 50 hadi 70 za majani mabichi kwa siku. Masika ndiyo haya, ardhi ina maji, na wiki hizi ndizo za kupanda. Tengeni robo ekari ya mahindi muigeuze kuwa ya matete, yaani majani ya tembo. Tunajua inauma kupunguza mahindi, lakini robo ekari iliyotunzwa kwa samadi inaweza kutoa karibu nusu ya majani ya ng'ombe mmoja, na huo ni mzigo mmoja mzima wa bondeni unaoondoka kichwani kwako kila siku.

Chukueni bua lililokomaa, likateni vipande vyenye vifundo vitatu. Vipande vilazwe kwa mshazari, vifundo viwili chini ya udongo, kimoja juu, macho yakitazama juu. Mstari hadi mstari mita 1, shina hadi shina nusu mita: robo ekari inakula vipande 2,000 hivi. Chagueni mbegu kwa macho makali. Shina lenye majani ya njano, membamba na mafupi kuliko wenzake lina ugonjwa wa kudumaa, na ukipanda kipande chake umepanda ugonjwa shamba zima. Mkikuta shina la namna hiyo baadaye, ling'oeni na mizizi yake.

Mkato wa kwanza ni baada ya miezi mitatu hadi minne, yakifika kimo cha kiuno au kifua. Acheni kisiki cha sentimita 10 hadi 15, kwa sababu mkikata usawa wa udongo shina linachoka na linakufa. Baada ya hapo kila wiki 6 hadi 8. Watu wengi hungoja yarefuke ili mzigo uwe mkubwa, na hapo ndipo wanapopoteza, maana matete yaliyopita kimo cha mtu ni kuni, ng'ombe anashiba lakini maziwa yanashuka. Machanga sana nayo ni maji matupu, yatamharisha. Kila mkikata mstari, rudisheni samadi kwenye mstari huo huo na muifukie. Bila samadi, mwaka wa pili matete yatakuwa nusu.

Kingo za matuta pandeni majani ya Guatemala, yatashika udongo na yatakatwa kiangazi matete yakizubaa. Mpakani pandeni kaliandra, mti mdogo wa malisho, mche kila nusu mita. Wengine watawaambia lukina, mti mwingine wa malisho, lakini lukina hataki baridi ya milimani, kaliandra anaivumilia. Kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinafanya kazi ya kilo 1 ya chakula cha dukani, na ili kuzipata kila siku mwaka mzima mnahitaji miche kama 250, yaani ua wa mita 125. Huanza kukatwa ikiwa na miezi 9 hadi 12, na kisiki kiachwe kimo cha kiuno. Hapo ndipo zile 50,000 za dukani zitakapoanza kupungua. Mabua ya mahindi baada ya mavuno msiyaache shambani yanyeshewe. Yasimamisheni yakauke, muyaweke chini ya paa, na kiangazi myakatekate na kuyanyunyizia maji ya chumvi kidogo ili ayapende.

Na lo lote mnalompa, likatwe urefu wa vidole viwili hivi. Majani marefu ng'ombe anayavuta, anayaangusha, anayakanyaga, halafu hayali tena. Sehemu kubwa ya jasho lako la bondeni huenda inaishia kwenye tope la banda.

Mpaka matete yaote, yaani miezi minne ijayo, mwanao wa miaka 9 asikate majani asubuhi. Tunalisema hili kwa moyo wote. Mtoto mwenye panga kwenye mteremko wenye umande, ana haraka ya kengele, ataumia siku moja, na shule anayoikosa hairudi. Majani ya asubuhi yakatwe jana yake alasiri. Yatandazwe kivulini, yasirundikwe, kwa sababu majani mabichi yakirundikwa hupata joto na kuchacha, na asubuhi ng'ombe atayakataa. Kunyauka kidogo hakumdhuru, kunampunguzia hata kuvimba tumbo.

Kijana mpe kazi ya umri wake: kufungulia kuku, kuwawekea maji, kuokota mayai. Kwa hao kuku 17, vifo vya wote ndani ya wiki, tena mwezi wa baridi na upepo, vinafanana sana na mdondo. Mdondo hauna dawa, una chanjo tu. Ya matone ya jicho ni rahisi: tone moja kwenye jicho moja la kila kuku, unamshikilia mpaka apepese, na unarudia kila baada ya miezi mitatu. Wachanjwe wazima tu, aliyekwisha kuugua chanjo haimwokoi. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wenu, basi changeni na majirani mchanje siku moja, maana kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye anayeuweka ugonjwa mtaani. Anzeni na mitetea mitatu na jogoo mmoja, na mtetea mmoja uwe wa kijana kabisa, mayai yake ayauze anunue daftari. Sungura na bata uzeni. Si wabaya, ila kila mnyama mdogo ana dakika 15 zake kwa siku, na dakika hizo zinatoka kwako.

Maziwa kukataliwa. Tumeisoma sentensi ya "uchafu wako" na hatuikubali, kwa sababu ulivyoeleza, kosa tunaliona waziwazi kwenye dumu. Maziwa ya jioni yamelala ya uvuguvugu usiku kucha kwenye plastiki, kisha yakachanganywa na ya asubuhi yenye joto la mwili wa ng'ombe. Ndani ya dumu lenye mdomo mwembamba mkono hauingii, mafuta yanaganda kwenye kona, na hata ukilisuuza kwa maji ya moto ladha ya chachu inabaki. Kituoni wakiyapima kwa spiriti yanaganda, na lita zote 8 zinarudi kwa sababu ya zile 3. Nunueni kopo la aluminiamu lenye mdomo mpana. Na maziwa ya jioni yasilale tena kwa ajili ya kituo. Lita 1 na nusu ni ya nyumbani, lita 1 na nusu wauzieni majirani jioni hiyo hiyo. Kituoni iende ya asubuhi peke yake, bado na uzima wake.

Lita hiyo moja na nusu ya nyumbani ndiyo tunayokuomba usiijadili kwa bei. Watoto watatu kikombe cha robo lita kila mmoja, kimoja cha bibi, na nusu lita inabaki ya chai na uji. Yachemshwe mpaka yapande juu, kila siku, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu. Ukipiga hesabu upya, na majirani wakinunua kwa bei ile ile, mauzo yatakuwa lita 6 na nusu: 175,500 kwa mwezi, na baada ya gharama na akiba ya daktari zinabaki 98,500. Pesa imepungua 40,500, ni kweli. Lakini ng'ombe anayelishwa na mama, anakamuliwa na mama, maziwa yake yanapelekwa na binti, halafu watoto wakanywa chai ya rangi, huyo ng'ombe ni wa kituo, si wenu.

Sababu nyingine ya kukataliwa inaweza kuwa kiwele, hasa banda likiwa tope. Kabla ya kila kukamua nawa mikono, osha chuchu kwa maji ya uvuguvugu, zikaushe kwa kitambaa chake mwenyewe. Mikamuo miwili mitatu ya kwanza ya kila chuchu iangukie kwenye kikombe cheusi au chenye kitambaa cheusi mdomoni, uitazame. Ukiona mabonge, maji maji au damu, chuchu hiyo ikamuliwe mwisho, chombo chake pekee, na umwite daktari siku hiyo, usingoje Ijumaa. Akitibiwa, maziwa yasiuzwe wala kunywewa kwa siku zile zilizoandikwa kwenye dawa. Kamua kwa kubana, usivute. Ukimaliza, mwekee majani mazuri mbele yake asimame kama nusu saa. Tundu la chuchu huwa bado liko wazi baada ya kukamuliwa, na akilala kwenye tope wakati huo ndipo wadudu wanapoingia.

Na hapa anaingia mume wako na ufundi wake. Nyumba yenye mwashi ina utajiri ambao jirani analipia. Jumamosi mbili zinatosha kutengeneza sehemu ya kulala ng'ombe, mita 2.1 kwa mita 1.2, na njia ya kutembelea nyuma yake. Zege la saruji ndoo 1, mchanga 3, kokoto 6, unene wa sentimita 10 juu ya mawe yaliyoshindiliwa. Sakafu ishuke sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, ikielekea mfereji wa mkojo, na mfereji uelekee kwenye shimo la samadi upande wa matete. Yeye kama fundi atataka kuilainisha ipendeze. Mzuie. Ipigwe ufagio mgumu ikiwa bado mbichi, ibaki na mikwaruzo, kwa sababu ng'ombe akiteleza kwenye sakafu laini anavunjika nyonga. Sehemu ya kulala iwekewe majani makavu kila siku.

Jumamosi ya tatu ni ya mfereji wa bati. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 6 kwa 8, mvua ya milimita 20 kwa siku moja, ni lita 960, na hata tano moja ikipotea zinabaki karibu 770. Hizo ni ndoo 38 ambazo hukuzibeba. Ng'ombe wa maziwa anataka lita 60 na zaidi kwa siku. Sasa hivi ndoo mbili hazijakuumbua kwa sababu majani ya masika yana maji mengi ndani yake, lakini kuanzia Julai mkimpa mabua makavu na ndoo mbili, maziwa yatakatika na mtalaumu chakula. Maji yawe mbele yake mchana na usiku. Mara nyingi ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote ya kuongeza maziwa.

Mazungumzo yenyewe yawe Jumapili alasiri, mume akiwa amepumzika na amekula, watoto wakiwa nje. Anza na daftari, si na mkopo. Msomee saa, kisha pesa, kisha mweleze habari ya ndama. Mwombe mambo matatu tu: mkopo usimame, banda na mfereji wa bati vijengwe, na maziwa ya jioni yawe ya nyumba. La nne, kama mazungumzo yameenda vizuri: yeye akamue Jumamosi jioni na Jumapili mara mbili. Mikono ya mwashi ina nguvu, itajifunza, ila apunguze kucha.

Akirudia kwamba ng'ombe ni wake, usigombane, lakini wewe mwenyewe usiliamini. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Shauri hilo lilikuwa la wanandoa walioachana, hatukutajii ili umpeleke mtu mahakamani. Tunataka ujue kwamba kwenye meza hiyo ya Jumapili hukai kama mwombaji.

Mama mkwe usimwache nje ya jambo hili, na usimjibu. Mpe heshima ya kazi inayomfaa mtu anayeshinda nyumbani: awe jicho la joto la ng'ombe, yaani siku anayotaka dume. Ng'ombe aliye peke yake bandani hana mwenzake wa kumpanda, kwa hiyo joto lake linapita bila kuonekana, na kila likipita mnapoteza siku 21. Dalili ni kulia bila sababu, kukosa utulivu, maziwa kupungua ghafla, na ute mwangavu usio na rangi unaovutika kama uzi nyuma. Akiuona asubuhi, mtaalamu wa uhimilishaji aje jioni ya siku hiyo. Akiuona jioni, aje kesho asubuhi. Mwombeni mbegu ya Jersey, kwa sababu mwili wake ni mdogo, anakula kidogo, na maziwa yake yana mafuta. Bibi aliyeona joto lenyewe na ng'ombe akashika mimba hatakuwa tena na neno la mke aliyeshindwa na ng'ombe.

Andika tarehe ya mbegu kwenye daftari. Ng'ombe wako alizaa mwanzoni mwa Februari, kwa hiyo kuanzia katikati ya Aprili yuko tayari. Tuseme ni tarehe 15 Aprili na ikashika. Mimba ni siku 283, atazaa karibu tarehe 23 Januari. Siku 60 kabla ya kuzaa lazima akaushwe, yaani asikamuliwe tena; asipopumzika kiwele hakijijengi na maziwa ya uzao unaofuata yatakuwa machache. Hiyo ni tarehe 24 Novemba. Wiki moja kabla yake mpunguzieni chakula cha ziada, siku hiyo mkamueni mpaka mwisho, mumuulize daktari dawa ya kuweka kwenye chuchu, kisha mkamuaji asiguse tena. Kuanzia sasa wekeni pembeni shilingi 20,000 kila mwezi, kwa sababu miezi hiyo miwili kituo hakitawalipa chochote.

Na miezi hiyo miwili hakuna wa kuamka saa 11. Ng'ombe aliyekauka anataka majani, maji na banda kavu, kazi ambayo mume na bibi wanaiweza, hasa matete yakiwa hapo nyuma ya nyumba. Shule zinafungwa Desemba mwanzoni. Wachukue watoto wote watatu muende Handeni mkakae kwa mama yako wiki mbili kamili, mrudi mwezi mmoja kabla ng'ombe hajazaa. Mwambie mumeo tarehe hizo Jumapili hii hii, aziandike yeye mwenyewe kwenye daftari.